Kilichowekwa, Kilicholiwa na Kilichomeng'enywa: Mbinu za Sampuli na Istilahi za Upimaji wa Malisho ya Ng'ombe katika Kisii na Nyamira

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wataalamu wa mifugo wanavyopima kiasi cha chakula anachokula ng'ombe na sehemu ya chakula hicho ambayo mwili wake huweza kuimeng'enya. Aidha, yanakusudia kuchunguza istilahi za Kiswahili zinazohitajika ili jambo hilo lielezwe bila ya kupotosha maana. Mambo haya mawili hayatengani. Mpimaji akosapo neno la kutofautisha kile alichopewa ng'ombe na kile alichokula, huandika tarakimu moja kwa dhana mbili, na kosa hilo hufuatana na hesabu yake mpaka mwisho.

Eneo lililochaguliwa kuwa mfano ni Kisii na Nyamira, kusini-magharibi ya Kenya. Sababu ya kwanza ni uhaba wa ardhi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, yaani zaidi ya 900 katika kila kilomita mraba moja, na Nyamira ilikuwa na watu 605,576, yaani zaidi ya 600 katika kila kilomita mraba. Penye ardhi finyu namna hii, mzigo mmoja wa majani uliokadiriwa vibaya ni hasara inayoonekana nyumbani. Sababu ya pili ni ya lugha. Dodoso huandikwa kwa Kiingereza, likafasiriwa kwa Kiswahili, na mara nyingi likaulizwa kwa Ekegusii. Dhana isiyoshikwa barabara katika lugha ya kati haiwezi kufika salama katika lugha ya tatu.

2. Kutoka ebisarate hadi horini

Kabla ya utawala wa Kiingereza, sehemu kubwa ya mifugo ya Abagusii ilikaa katika ebisarate, yaani makambi ya ng'ombe yaliyolindwa na vijana mbali na maboma. Serikali ya kikoloni iliyavunja makambi hayo katika miaka ya 1910. Tangu hapo ng'ombe walisogea karibu na nyumba, na kadiri mashamba yalivyogawanywa kutoka kwa baba kwenda kwa wana, nyanda za kulishia zilizidi kupungua. Kuanzia mwaka 1980, Mradi wa Taifa wa Maendeleo ya Maziwa, uliosaidiwa na Uholanzi, ulieneza katika wilaya za nyanda za juu za Kenya ufugaji wa bandani, ambao ng'ombe hafungwi malishoni bali huletewa majani horini.

Leo majani yanayokatwa zaidi ni nyasi za Napier, ambazo Watanzania wengi huziita mabingobingo. Juu ya hayo huongezwa mabua ya mahindi, majani na magogo ya migomba, vilele vya miwa na marando ya viazi vitamu. Mvua huzidi milimita 1,500 kwa mwaka katika sehemu nyingi za eneo hili, hata hivyo kiasi cha maji kilichomo katika majani hubadilika sana kutoka majira hadi majira, jambo ambalo, kama itakavyoonekana, ndilo chanzo cha makosa mengi.

Ni vema ieleweke pia kwamba katika eneo hili ng'ombe wa nyama si kundi lililojitenga kwa sehemu kubwa. Nyama hutoka kwa madume, maksai na majike waliokoma kuzaa, na mifugo mingine huletwa kutoka upande wa Kilgoris. Kwa hiyo mbinu zinazoelezwa hapa, ingawa zilikuzwa zaidi katika mashamba makubwa na vituo vya utafiti, hapa zinamhusu dume mmoja au wawili walio katika banda lenye ng'ombe wa maziwa.

3. Dhana nne na maneno yake

Upimaji wote umejengwa juu ya viasi vinne. Cha kwanza ni chakula kilichowekwa horini. Cha pili ni kile ambacho mnyama amekiacha. Cha tatu ni kile alichokula, ambacho hupatikana kwa kutoa cha pili katika cha kwanza. Cha nne ni kinyesi. Tofauti ya cha tatu na cha nne ndiyo inayohesabiwa kuwa imemeng'enywa.

Kiswahili kina akiba ya kutosha ya kuzieleza dhana hizi, mradi viambishi vyake vitumiwe kwa uangalifu. Kitenzi -la hutoa -lisha, ambacho humhusu mfugaji. -Liwa, ambacho huhusu chakula kilichokwisha pita kinywani. Na -lika, ambacho huhusu uwezekano wa chakula kuliwa. Ulishaji, ulaji na ulikaji ni mambo matatu. Mfugaji anaweza kulisha sana huku mnyama akila kidogo, kwa sababu majani yaliyokomaa na kuwa magumu hayaliki vizuri. Dodoso linalouliza "Ng'ombe wako hula kiasi gani?" hujibiwa kwa kawaida kwa kutaja mizigo iliyokatwa. Hilo ni jibu la ulishaji lililoandikwa katika safu ya ulaji.

Kwa kile kilichobaki, lugha ina neno masazo, litokanalo na kusaza. Neno makombo pia hutumika, lakini makombo hudokeza mabaki ya chakula cha watu na huchukua maana ya kitu duni. Masazo hayana lawama hiyo, nayo yanafaa kuwa istilahi ya kile ambacho mnyama amekataa au ameshindwa kumaliza.

Katika dhana ya mwisho, kitenzi kilichozoeleka shuleni ni kumeng'enya. Watu wengine husema tumbo "linasaga" chakula, lakini kusaga huchanganya kazi ya meno na kazi ya tumbo, na kwa mnyama acheuaye mchanganyiko huo ni hatari zaidi, maana yeye hutafuna mara ya kwanza alapo na mara ya pili acheuapo. Kutokana na -meng'enya hupatikana mmeng'enyo, yaani tendo lenyewe, na kutokana na -meng'enyeka hupatikana umeng'enyekaji, yaani sifa ya chakula ya kuweza kumeng'enywa. Mmeng'enyo ni wa mnyama, umeng'enyekaji ni wa malisho yakiwa ndani ya mnyama huyo. Asemaye kwamba "mmeng'enyo wa Napier ni asilimia 55" amelipa jani tumbo.

Ipo pia tahadhari juu ya neno dhahiri. Kinyesi hakina mabaki ya chakula peke yake. Kina chembe za utumbo na vijidudu vya tumboni. Kwa hiyo kipimo kinachopatikana kwa kutoa kinyesi katika ulaji ni pungufu kidogo ya ukweli, na wataalamu hukitofautisha na kile kilicho halisi. Kukiita "umeng'enyekaji wa dhahiri" kunageuza maana, kwani kwa Mswahili jambo la dhahiri ni jambo lisilo na shaka, ilhali hapa inakusudiwa kinyume chake. Umeng'enyekaji uonekanao ni jina lililo karibu zaidi na dhana.

4. Njia ya kukusanya kila kitu

Njia ya msingi, ambayo nyingine zote hupimwa kwayo, ni ya kukusanya kinyesi chote. Mnyama, ambaye kwa kawaida huwa dume au maksai ili mkojo usichanganyike na kinyesi, huzoezwa chakula kimoja kwa wiki mbili au tatu. Kisha kwa muda wa siku 5 hadi 7 kila kinachoingia na kila kinachotoka hupimwa kwenye mizani.

Mfano mwepesi wa hesabu utasaidia. Chukulia dume la kilo 250 linalowekewa kilo 40 za Napier mbichi kwa siku. Sampuli ya majani hayo ikikaushwa huonekana kwamba asilimia 20 ndiyo uzito mkavu na iliyobaki ni maji. Basi kilichowekwa ni kilo 8 za uzito mkavu. Asubuhi ya pili masazo yana kilo 8, na kwa kuwa mengi ni mabua yaliyokauka kidogo, uzito wake mkavu ni asilimia 25, yaani kilo 2. Ulaji ni kilo 6. Kinyesi cha siku hiyo ni kilo 13.5, chenye asilimia 20 ya uzito mkavu, yaani kilo 2.7. Kilichotoweka ndani ya mnyama ni kilo 3.3, nayo ni asilimia 55 ya kilo 6.

Sasa na tuangaliwe upungufu mdogo wa kazi. Mpimaji asipoyapima masazo, atadhani mnyama amekula kilo 8, na umeng'enyekaji utakuwa zaidi kidogo ya asilimia 66. Akiyapima masazo lakini akapoteza sehemu moja ya tano ya kinyesi, kwa sababu kimekanyagwa au kimesombwa na maji ya kuoshea banda, kinyesi kitaonekana kuwa kilo 2.16 na umeng'enyekaji kuwa asilimia 64. Katika hali zote mbili nyasi za kawaida zimepandishwa cheo zikawa nyasi bora, na ushauri utakaotolewa kwa mfugaji utakuwa wa kumpunguzia mnyama chakula anachokihitaji.

5. Sampuli ni nini

Hakuna maabara inayokausha kilo 40 za majani. Huchukuliwa fungu dogo, nalo husemea kilo zote 40. Hapa ndipo neno sampuli linapohitaji kuchunguzwa. Katika mazungumzo ya kawaida sampuli ni aina: husemwa "watu wa sampuli hii". Kielelezo nacho hudokeza kitu kilichochaguliwa kwa kuwa kinaonyesha vizuri. Msaidizi anayeambiwa alete "sampuli ya majani" anaweza, bila ya kosa lolote la Kiswahili, kuleta majani mabichi yaliyo mazuri kuliko yote. Maana ya kitaalamu ni nyingine: fungu dogo lililochukuliwa kwa utaratibu unaoipa kila sehemu ya kitu kizima nafasi sawa ya kuingia. Uzuri wa fungu hauhusiki.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Majani yote hukatwakatwa vipande vya sentimita 2 hadi 5, yakachanganywa juu ya turubai safi na kufanywa chungu. Chungu hugawanywa robo nne. Robo mbili zinazoelekeana huondolewa, mbili zilizobaki huchanganywa tena, na kazi hurudiwa mpaka libaki fungu la kutosha mfuko mmoja. Kukata majani ya juu ya mzigo tu hakutoshi, kwa kuwa juu na chini ya mzigo, na hasa jani na bua, si kitu kimoja.

Jani na bua ndivyo vinavyoeleza kwa nini sampuli ya hori haiwezi kuisemea ulaji. Ng'ombe huchagua. Hula majani kwanza, akaacha mabua. Iwapo katika mfano wa juu kilo 8 zilizowekwa zina asilimia 10 ya protini, hizo ni gramu 800. Iwapo kilo 2 za masazo zina asilimia 5 tu, hizo ni gramu 100. Mnyama amekula gramu 700 ndani ya kilo 6, yaani karibu asilimia 12. Chakula alichokula ni bora kuliko chakula alichopewa, na tofauti hiyo haionekani mpaka masazo nayo yachukuliwe sampuli yake. Katika malisho ya wazi tatizo huzidi, kwa kuwa hakuna masazo ya kukusanywa. Huko mpimaji humfuata mnyama na kuchuma kwa mkono majani yanayofanana na yale anayoyang'ata, na katika vituo vya utafiti vilevile wametumika wanyama waliotobolewa umio ili kilicholiwa kinaswe kabla ya kufika tumboni.

Jambo la tatu ni maji. Gramu 1,000 za majani zilizopimwa papo hapo shambani zikikauka zikawa gramu 200, uzito mkavu ni asilimia 20. Majani hayohayo yakinyauka njiani kabla ya kupimwa yakawa gramu 800, uzito mkavu utaandikwa kuwa asilimia 25, na kilo 40 zilizowekwa zitahesabiwa kuwa kilo 10 badala ya 8. Ndiyo sababu sampuli hupimwa mbichi palepale ilipochukuliwa. Kwa kujua uzito mkavu wenyewe hukaushwa kwa nyuzi 105 za sentigredi mpaka uzito wake usibadilike tena. Sehemu itakayochunguzwa protini na nyuzinyuzi hukaushwa kwa joto la chini, yapata nyuzi 60, kwa kuwa moto mkali huifunga protini katika nyuzinyuzi na kuharibu kipimo.

6. Viashirio

Ukusanyaji wa kinyesi chote huhitaji mifuko, mikanda na watu wa zamu usiku na mchana. Kwa mkulima wa Nyamira mwenye dume mmoja ni vigumu kufanyika. Kwa hiyo tangu zamani wataalamu wametafuta kitu ambacho huingia kinywani na kutoka chote bila ya kumeng'enywa, ili kukipima katika sampuli chache za kinyesi kuwe badala ya kupima kinyesi chote. Kitu hicho kinaweza kuitwa kiashirio.

Kiashirio cha nje ni kile anachopewa mnyama. Kilichotumika kwa muda mrefu ni oksidi ya kromiamu, ambayo Edin alieleza matumizi yake nchini Uswidi mwaka 1918; siku hizi wengi wamehamia oksidi ya titaniamu kwa sababu za usalama. Hesabu yake ni ya kugawanya. Mnyama akipewa gramu 10 kwa siku, na kila kilo ya kinyesi kikavu ikaonekana kuwa na gramu 3.7, kinyesi chote ni kilo 2.7.

Kiashirio cha ndani ni kile kilichomo katika malisho yenyewe. Msomaji aangalie kwamba "ndani" hapa ni ndani ya chakula, wala si ndani ya mnyama. Mfano ni lignini, au majivu yasiyoyeyuka katika asidi, ambayo Van Keulen na Young waliyafanyia kazi Kanada mwaka 1977. Kadiri chakula kinavyomeng'enywa, ndivyo kiashirio kinavyozidi kujilimbikiza katika kile kilichobaki. Kilo moja ya chakula kikavu ikiwa na gramu 27 za majivu hayo, na kilo moja ya kinyesi kikavu ikiwa na gramu 60, kilichobaki ni 27 juu ya 60, yaani asilimia 45, na kilichomeng'enywa ni asilimia 55. Kilo 2.7 za kinyesi zikigawanywa kwa 0.45 hutoa kilo 6 za ulaji, sawasawa na ilivyopatikana kwa mizani.

Hata hivyo njia hii ina mtego. Umeng'enyekaji ukikadiriwa kuwa asilimia 60 badala ya 55, ulaji hupanda kutoka kilo 6 hadi 6.75. Kosa la pointi 5 katika kipimo kimoja limezaa kosa la asilimia 12.5 katika kingine. Kwa malisho bora mambo huwa mabaya zaidi: tofauti ya asilimia 70 na 75, kwa kinyesi kilekile, ni tofauti ya kilo 9 na kilo 10.8. Aidha, kinyesi kilichookotwa chini huchukua udongo, na udongo una majivu mengi yasiyoyeyuka. Gramu 60 huweza kuwa 70 bila ya mnyama kubadilika, na umeng'enyekaji ukaonekana kuzidi asilimia 61. Katika mvua za Kisii, ambapo banda lisilosakafiwa hugeuka tope, hii si hofu ya nadharia.

Mwaka 1986 Mayes na wenzake walieleza Uskoti njia inayotumia nta iliyo juu ya majani. Nta hiyo ina alkani—jina hilo likitumika kwa tahadhari, kwani kemia ina alkeni na alkani, na hapa inakusudiwa alkani—zenye idadi witiri ya kaboni, mathalani 33. Mnyama hupewa alkani yenye kaboni 32, ambayo majani karibu hayana. Zote mbili hupotea njiani kwa kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo uwiano wake katika kinyesi hukisia ulaji huku makosa yakifutana.

7. Saa ya kuchukua sampuli

Kiashirio kinachotolewa asubuhi na jioni hakitoki kwa usawa mchana kutwa. Kuna saa ambazo kinyesi huwa nacho kwa wingi na saa ambazo huwa nacho kidogo. Anayechukua sampuli kila siku saa ileile atarudia kosa lilelile. Dawa yake ni kuhamisha saa. Siku ya kwanza huchukuliwa saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Siku ya pili saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Siku ya tatu saa 4 na saa 4. Na kuendelea hivyo mpaka siku ya sita, saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri. Kwa siku 6 mzunguko mzima wa saa 24 umekwisha guswa kwa vipindi vya saa mbili mbili.

Wanalugha watatambua mara moja hatari iliyo hapa. Saa 2 ya Kiswahili si saa 2 ya saa ya Kizungu. Daftari inayojazwa na wasaidizi wawili, mmoja akihesabu kwa Kiswahili na mwingine kwa Kiingereza, huweza kuonyesha ratiba kamili ambayo haikufuatwa kamwe. Ni lazima safu ya saa itaje asubuhi, alasiri, usiku au alfajiri.

8. Sampuli ya maboma

Yaliyosemwa juu ya chungu cha majani husemwa pia juu ya maboma. Mwaka 1983 Robert Chambers alionyesha jinsi wachunguzi wa vijijini wanavyoona zaidi yale yaliyo kando ya barabara ya lami, wakati wa kiangazi, kwa watu wenye uwezo. Mtafiti anayetembelea maboma yaliyo kando ya barabara ya Kisii hadi Keroka atapima ng'ombe wa wale walio karibu na soko na maduka ya vyakula vya mifugo. Matokeo yake hayatamsemea mkulima aliye mteremkoni.

Eneo hili lina tofauti nyingine iliyo wazi. Borabu, upande wa Nyamira, ilitokana na mashamba ya walowezi yaliyogawanywa baada ya uhuru, na mashamba yake kwa kawaida ni makubwa kuliko ya Kitutu au Nyaribari. Kuyachanganya yote katika bakuli moja na kuokota majina kwa bahati nasibu kunaweza kuwaacha Borabu nje kabisa au kuwaingiza kupita kiasi. Afadhali eneo ligawanywe matabaka kwanza, kisha bahati nasibu ifanywe ndani ya kila tabaka, na kazi irudiwe wakati wa mvua na wakati wa kiangazi.

Ieleweke kwamba makosa ni ya namna mbili. Kosa la nasibu huenda huku na huko, na hupungua idadi ya sampuli iongezekapo. Kosa la upande mmoja haliponi kwa wingi. Maboma 500 ya kando ya barabara yana kosa lilelile la maboma 50, isipokuwa mtafiti hulisema kwa ujasiri zaidi. Wakusanyaji wa data za lugha wanaomhoji mwalimu wa kijiji peke yake, kwa kuwa ndiye anayepatikana upesi, wanalijua kosa hili kwa jina jingine.

9. Mahali penye uzito

Umuhimu wa jambo hili umevuka banda. Gesi ya methani anayoitoa ng'ombe hukadiriwa kutokana na ulaji wake na umeng'enyekaji wa chakula chake, na mataifa hutoa taarifa za gesi hiyo. Nchi isiyo na vipimo vyake hutumia wastani uliowekwa kwa bara zima. Mwaka 2018 Goopy na wenzake walichapisha utafiti wao wa Nyando, kaskazini ya Kisii, ambamo ulaji wa ng'ombe wa wakulima wadogo ulikadiriwa kutokana na nishati waliyoihitaji: uzito wao na badiliko lake, maziwa, na mwendo wao. Walichagua njia hiyo kwa sababu kupima ulaji moja kwa moja katika maboma mengi ni kazi isiyowezekana kwa urahisi. Lakini hata njia hiyo ilihitaji umeng'enyekaji wa malisho, na umeng'enyekaji ulitegemea sampuli za majani. Hakuna njia inayomwepusha mtafiti na fungu lile dogo mfukoni.

10. Hitimisho

Imeonekana kwamba njia za kupima ulaji na umeng'enyekaji zinaweza kuelezwa kwa Kiswahili, pamoja na hesabu zake, na kwamba mahali pengi lugha hii hutofautisha dhana kwa kubadili kiambishi kimoja tu. Kazi iliyobaki ni ya kusanifu. Masazo, umeng'enyekaji uonekanao, kiashirio cha ndani na cha nje, kosa la nasibu na kosa la upande mmoja ni istilahi zinazopendekezwa zijadiliwe na idara za lugha pamoja na zile za mifugo, zikijaribiwa mbele ya wafugaji kabla ya kuingizwa kamusini.

Katika Ekegusii ng'ombe mmoja ni eng'ombe na wengi ni chiombe, majani ni obonyansi, na kula ni -ria, kitenzi kilicho ndugu wa -la ya Kiswahili. Kwa undugu huo, dodoso lililoandikwa kwa Kiswahili chenye kutenganisha anayelisha, anayekula na kinacholiwa lina njia fupi ya kufika kwa mfugaji kuliko lile lililoruka kutoka Kiingereza. Idara inayotaka kuanza inaweza kuanza na maswali matatu tu, yakaulizwa kwa mpangilio huu: Umeweka kiasi gani horini? Amesaza kiasi gani? Vyote viwili umevipima kwa nini, na saa ngapi ya mchana au ya usiku?